Siku Tatu za Mwezi wa Desemba

Wasikilizaji wetu, mwezi wa Desemba uingiapo, wengi wetu huufikiria kwa mambo mawili matatu tu. Wakristo huiwaza Krismasi. Wakulima hutazama mawingu. Wanafunzi hutazamia likizo. Watu wa Tanzania Bara huikumbuka siku ya 9 Desemba, ambayo Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961, na mwaka uliofuata, siku iyo hiyo, ikawa Jamhuri. Jirani zetu wa Kenya huikumbuka siku ya 12 Desemba, nao pia wana sababu mbili: uhuru wa mwaka wa 1963 na Jamhuri ya mwaka wa 1964. Siku hizo zajulikana sana, wala hatuna haja ya kuzieleza leo.

Lakini katika mwezi uo huo zimo siku nyingine ambazo hazitajwi sana kwetu. Nyingine hazina ngoma wala gwaride. Nyingine zina sherehe kubwa, lakini ni katika nchi za mbali. Tumechagua siku tatu: moja ya pwani yetu wenyewe, moja ya Afrika ya Kusini, na moja ya Marekani. Tumezichagua kwa kuwa kila moja yatufundisha jambo lake. Ya kwanza ni siku iliyozaliwa ikaachwa. Ya pili ni siku iliyobadilishwa maana. Ya tatu ni siku ambayo ukweli wake ulipiganiwa kwa muda wa miaka mingi.

SIKU YA 10 DESEMBA: UHURU WA SIKU 33

Tuanze nyumbani. Visiwa vya Unguja na Pemba viliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka wa 1890. Sultani alibaki katika jumba lake, lakini mambo makubwa ya utawala yalikuwa mikononi mwa Waingereza. Hali hiyo ilidumu miaka 73. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa, na bendera mpya ikapandishwa: nyekundu, yenye duara la kijani katikati, na ndani yake karafuu mbili. Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alikuwapo kushuhudia kwa niaba ya nchi yake. Sultani alikuwa Jamshid bin Abdullah, na Waziri Mkuu alikuwa Muhammad Shamte.

Siku ya 16 Desemba, Zanzibar ikakubaliwa kuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Basi mtu aliyesoma habari hizo mbali angedhani kwamba mambo yamekwisha tengenea.

Lakini nyumba yaweza kupakwa chokaa nje, na ndani mna ufa. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote za nchi, lakini kikapata viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu ya jinsi majimbo yalivyogawanywa na jinsi wapiga kura walivyokaa humo. Vyama viwili vilivyoungana vilipata viti 18, navyo vikaunda serikali. Kwa hiyo watu wengi waliona kwamba bendera iliyopandishwa si yao. Wengine waliona kwamba sheria ya uchaguzi imefuatwa, na serikali imepatikana kwa haki. Ufa ulikuwa hapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakatokea. Sultani akaondoka kwa meli pamoja na jamaa zake. Tukihesabu kutoka 10 Desemba hata 12 Januari, twapata siku 33. Damu ya watu wengi ilimwagika katika siku zilizofuata, na jamaa nyingi zilitawanyika, nyingine zikafika Oman na nchi za Ghuba, nyingine Uingereza. Tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Jamshid mwenyewe alikaa Uingereza miaka mingi, akahamia Oman mwaka wa 2020, akafariki huko tarehe 30 Desemba 2024.

Tangu hapo, siku kuu ya Zanzibar ni 12 Januari. Siku ya 10 Desemba haina sikukuu ya serikali. Wapo wazee wanaoikumbuka kwa majonzi. Wapo wanaosema kwamba uhuru ule haukuwa wao, na hawana cha kukumbuka. Sisi hatutaki kuwa waamuzi. Twataka tu msikilizaji ajue kwamba siku hiyo ilikuwapo, na kwamba iligusa hata watu walio mbali na Unguja.

Mathalan, watu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanayo sehemu yao katika habari hii. Ukanda wa pwani ya Kenya, wenye upana wa maili 10, ulihesabiwa kuwa ni mali ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio waliousimamia. Ndiyo maana bendera ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu huko Mombasa. Mwezi wa Oktoba 1963, mapatano yalifanywa kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya siku ya uhuru. Basi katika siku tatu tu, toka 10 hata 12 Desemba, mambo mawili yalitimia: Zanzibar ilipata uhuru wake, na pwani ya bara ikaachana nayo rasmi. Kijana wa Mombasa ambaye hakuijua siku ya 10 Desemba hawezi kuielewa vema siku yake mwenyewe ya 12 Desemba.

SIKU YA 16 DESEMBA: MTO ULIOTIWA DAMU

Sasa tusafiri kusini. Katika nchi ya Natal kuna mto mdogo uitwao Ncome. Tarehe 16 Desemba 1838, kando ya mto huo, jeshi la Wazulu wa mfalme Dingane lilipambana na Makaburu, yaani wakulima wa asili ya Kiholanzi waliokuwa wamehama kutoka Rasi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakitafuta ardhi mbali na utawala wa Uingereza.

Habari ilianza mwezi wa Februari mwaka huo. Kiongozi mmoja wa Makaburu, Piet Retief, alikwenda kwa Dingane kutaka ardhi, na hati ya mapatano ikaandikwa. Dingane aliwaona wageni hawa, wenye bunduki na farasi, kuwa hatari kwa ufalme wake. Tarehe 6 Februari 1838 akaamuru Retief na watu wake wauawe. Siku chache baadaye jeshi lake likashambulia kambi za Makaburu, likaua wanaume, wanawake na watoto, pamoja na watumishi wao Waafrika.

Makaburu wakajikusanya chini ya kiongozi mpya, Andries Pretorius. Wapiganaji wao walikuwa 464, pamoja na watumishi. Yasimuliwa kwamba tarehe 9 Desemba waliweka nadhiri: Mungu akiwapa ushindi, wataiadhimisha siku hiyo kila mwaka kama Sabato, nao watajenga nyumba ya ibada. Kisha wakayapanga magari yao 64 yakawa boma kando ya mto, wakafunga nafasi zilizokuwa katikati ya gari na gari, wakangoja.

Alfajiri ya tarehe 16, Wazulu wakaja kwa maelfu. Walikuwa mashujaa waliofundishwa vita vya kifua na pembe mbili: kifua hupiga mbele, na pembe huzunguka pande zote mbili hata adui awe kati. Lakini mkuki na ngao haviwezi kushindana na bunduki na mizinga iliyofichwa nyuma ya magari. Mara kwa mara walishambulia, na mara kwa mara walirudishwa. Ilipofika adhuhuri, Wazulu wapatao 3,000 walikuwa wamekufa. Upande wa Makaburu watu watatu walijeruhiwa, mmoja wao Pretorius mwenyewe, wala hakuna aliyeuawa. Maji ya mto yakageuka rangi, na Makaburu wakauita Mto wa Damu.

Hapa tusimame kidogo, maana habari hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Miaka ya nyuma, wakati wa vita vya Shaka, ambaye Dingane alikuwa ndugu yake, watu wengi waliikimbia nchi hiyo wakaja kaskazini. Mmoja wao alikuwa Zwangendaba, ambaye aliuvuka mto Zambezi na watu wake mwaka wa 1835, akafika hata Ufipa, akafia huko. Wangoni wa Songea wametokana na uhamaji huo, nao walikuja na ngao, mikuki na namna ile ile ya vita. Kwa hiyo mtoto wa Ungoni asikiapo habari za kifua na pembe, asikia habari za babu zake.

Turudi Natal. Kanisa la nadhiri lilijengwa Pietermaritzburg. Lakini jambo la ajabu ni hili: wanahistoria wameonyesha kwamba kwa miaka mingi ya mwanzo ni wachache walioishika siku hiyo. Watu walikuwa na mashamba na shida zao. Siku ilianza kushikwa kwa nguvu baadaye, wakati Makaburu walipotaka kitu cha kuwaunganisha wawe taifa moja. Mwaka wa 1910 nchi za kusini zilipounganishwa kuwa Muungano mmoja, siku ya 16 Desemba ikafanywa sikukuu ya nchi nzima, ikaitwa Siku ya Dingaan. Tazama, msikilizaji: siku ilibeba jina la mfalme wa Wazulu, lakini ilisherehekea kushindwa kwake. Mwaka wa 1952 ikaitwa Siku ya Agano, na mwaka wa 1980 ikaitwa Siku ya Nadhiri. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 16 Desemba 1949, mnara mkubwa wa mawe ulizinduliwa juu ya kilima karibu na Pretoria, kuwatukuza wale waliohama na magari.

Na Waafrika je? Wao pia waliijua siku hiyo, lakini kwao ilikuwa siku ya uchungu, na baadaye ikawa siku ya kukataa. Tarehe 16 Desemba 1930, katika mji wa Durban, watu walikusanyika kuzichoma pasi, zile hati ambazo Mwafrika alilazimishwa kuzichukua popote aendapo. Kiongozi wao, kijana Johannes Nkosi, akapata majeraha yaliyomwua. Miaka 31 baadaye, tarehe 16 Desemba 1961, mabomu yalilipuka Johannesburg, Port Elizabeth na Durban, na karatasi zikabandikwa kutangaza kwamba jeshi jipya limezaliwa. Jina lake Umkhonto we Sizwe, maana yake Mkuki wa Taifa. Wale waliolianzisha, miongoni mwao Nelson Mandela, waliichagua siku hiyo kwa makusudi. Ni kama walisema: mkuki ulioanguka Ncome umeokotwa.

Katika habari hii pia Tanzania inayo sehemu. Vijana wa jeshi hilo walipokelewa Kongwa katika mkoa wa Dodoma, na huko Mazimbu, Morogoro, wakimbizi wa Afrika ya Kusini walijenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Wazee wa Morogoro na Kongwa wawakumbuka majirani hao hata leo.

Basi ulipofika mwaka wa 1994, na utawala wa ubaguzi ukaisha, serikali mpya ilikuwa na swali gumu. Ifanye nini na siku ya 16 Desemba? Ikiifuta, Makaburu wangesema kwamba wamenyang'anywa nadhiri ya baba zao. Ikiiacha kama ilivyokuwa, Waafrika wangeulizana wamepigania nini. Ikiwapa washindi wapya peke yao, uadui ungegeuza nguo tu, mwili ukawa ule ule. Wakakata shauri kuihifadhi tarehe na kuibadilisha maana. Tangu mwaka wa 1995 inaitwa Siku ya Maridhiano. Na siku hiyo ya kwanza, 16 Desemba 1995, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikutana kwa mara ya kwanza huko Cape Town, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu.

Leo, anayekwenda Ncome ataona kwenye ukingo mmoja magari 64 ya shaba yamepangwa kama lile boma, na kwenye ukingo wa pili jumba la makumbusho la Wazulu, lililojengwa kwa umbo la pembe za nyati. Kwa muda mrefu aliyetaka kuona vyote viwili ilimbidi azunguke njia ndefu, ingawa mto ni mwembamba. Sasa daraja la miguu limejengwa. Hatusemi kwamba uchungu umekwisha. Ardhi nyingi bado inagombaniwa, na umaskini wa wengi umebaki. Lakini kujenga daraja ni bora kuliko kurushiana mawe toka ukingo hata ukingo.

SIKU YA 17 DESEMBA: SEKUNDE 12 ANGANI

Siku yetu ya tatu ni ya Marekani, nayo haina damu. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, waliishi ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli. Hawakuwa na shahada ya chuo kikuu, wala serikali haikuwapa fedha. Walisoma habari za ndege, wakarusha tiara, wakajenga eropleni zisizo na mtambo, wakazijaribu kwenye chungu za mchanga karibu na kijiji cha Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, mahali penye upepo mwingi. Walipoona kwamba hesabu za vitabu hazipatani na yale waliyoyaona, walijenga sanduku la kupitishia upepo, wakapima wenyewe mabawa madogo ya kila namna.

Wakati huo huo mtaalamu mmoja mashuhuri, Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, alikuwa amepewa na serikali dola 50,000 ili ajenge eropleni. Tarehe 8 Desemba 1903 chombo chake kilianguka mtoni mara ya pili, na magazeti yakamcheka. Siku tisa baadaye, asubuhi ya tarehe 17 Desemba, upepo wa baridi ukivuma sana, Orville akalala kifudifudi juu ya bawa la eropleni yao. Ikaenda mbio juu ya reli ya mbao, ikainuka. Ikaruka futi 120 kwa muda wa sekunde 12. Waliokuwapo kushuhudia walikuwa watu watano tu, wengi wao walinzi wa pwani wa kuokoa mabaharia. Mmoja wao, ambaye hakuwahi kupiga picha maishani mwake, ndiye aliyeachiwa kamera, akaipata picha ambayo sasa yajulikana duniani kote. Siku hiyo waliruka mara nne, na mara ya mwisho Wilbur alikwenda futi 852 kwa sekunde 59. Kisha upepo ukaipindua eropleni, ikavunjika, wala haikuruka tena.

Mtu angedhani kwamba nchi yao iliwaheshimu papo hapo. La. Mwaka wa 1914 chombo cha marehemu Langley kilitolewa, kikatengenezwa na kubadilishwa, kikarushwa kidogo juu ya maji. Na taasisi ile ile ya Smithsonian ikatangaza kwamba hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuweza kuruka na mtu. Wilbur alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1912. Orville, aliyebaki peke yake, alikasirika. Mwaka wa 1928 akaipeleka eropleni yao London, katika jumba la makumbusho la elimu ya sayansi, akiona kwamba heri ikae ugenini kwa heshima kuliko kukaa nyumbani kwa aibu. Mwaka wa 1942 Smithsonian ikakiri kosa lake kwa maandishi. Orville akakubali eropleni irudi, lakini hakuiona ikirudi, maana alifariki Januari 1948. Tarehe 17 Desemba 1948, miaka 45 kamili tangu iruke, iliwekwa Washington mbele ya watu.

Mwaka wa 1963 Bunge la Marekani likaifanya 17 Desemba kuwa Siku ya Ndugu Wright. Rais huitangaza, lakini maofisi hayafungwi na watoto huenda shule kama kawaida. Huenda hivyo ndivyo mafundi wale wawili wangalivyotaka, maana wao wenyewe siku hiyo walikuwa kazini.

MWISHO WA MAZUNGUMZO

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wengine huitumia methali hiyo kuwanyamazisha wanaouliza habari za kale. Sisi twaona kwamba hawakuielewa. Mganga hawezi kuganga asilolijua. Anayeficha donda halifanyi lipone. Analifunika tu na nguo.

Siku yenyewe haina maana ila ile wanayoitia watu. Unguja siku moja ilizaliwa ikaachwa, kwa kuwa waliozaliwa nayo hawakukubaliana ni ya nani. Afrika ya Kusini siku moja ilikuwa upanga kwa watu wa pande mbili, na sasa wajaribu kuifanya jembe. Marekani siku moja ilidhulumiwa na wenye majina makubwa, na ukweli ukarudi pole pole, umepita London na umechukua miaka 45.

Tungependa kila mwanafunzi aliyetusikia leo afanye jambo moja kabla mwezi haujaisha. Amwendee mzee wa kijiji chake, amwulize: Je, babu, je, bibi, ni siku gani ya Desemba unayoikumbuka wewe, ambayo haimo katika kalenda ya ukutani? Asimkatize. Aandike jibu lake katika daftari, na tarehe yake, na majina ya mahali. Wazee wanaoikumbuka 10 Desemba 1963 kwa macho yao wanapungua kila mwaka, na wale waliowakaribisha wakimbizi Mazimbu hawatakuwapo daima. Habari isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Kwaherini.